Nguo ya Kumi na Nne

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ningekuwa karibu ningepiga magoti, lakini hapa kati ya cherehani na kapu la vipande hata pa kuweka miguu hapatoshi. Vipi goti lako la kulia, bado linakusumbua ukipanda kutoka bondeni? Maji mnapata bombani, au mmerudia yale ya kununua kwa ndoo? Mikorosho imeshapaliliwa? Mimi mzima wa mwili, kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha, chakula kinapita. Kichwani ndiko kuna jambo, na ndilo limenishikisha kalamu.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yetu, mama, mimi na wewe tunapigiana kelele kama tumesimama ng'ambo mbili za mto, na mwisho hakuna aliyemsikia mwenzake. Jambo hili si la kupigia kelele. Barua hii nampa kondakta wa basi la Newala, na Rehema atakusomea. Rehema, mdogo wangu, bibi harusi wetu, soma polepole. Usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka kurasa za vitabu vya shule, na ukifika mahali pa kutisha usijifanye unacheka.

Jumapili uliniambia, mama, kwamba kitenge cha sare ya harusi ya Rehema kimefika, cha kijani chenye maua ya manjano, na kwamba Fundi Athumani ameshakata za wanawake wote wa ukoo. Nikauliza, na yangu? Ukasema yangu imekatwa, mmempima Zainabu wa jirani, maana tunalingana mabega. Nikasema sawa mama. Kusema kweli si sawa. Nilisema sawa, nikakaa chini kwenye ngazi za jengo watu wakinipita. Nakuomba, kabla hujasikia mengine yote: mwambie Fundi Athumani aiweke hiyo nguo kando, asiimalizie, na Zainabu asije kuijaribu. Nafasi yangu kwenye harusi ya mdogo wangu nataka niikalie mwenyewe. Sasa nikueleze kwa nini.

Usidhani huku nashona magauni ya harusi kila siku. Kazi yetu kubwa ni sare. Tuko mafundi saba ghorofa ya pili, chini yetu Bwana Awadhi anauza vitambaa, na yeye ndiye tajiri wetu. Januari ni sare za shule, sketi za bluu na mashati meupe mpaka macho yanauma. Ikipita Januari wanakuja watu wa ulinzi, wanafunzi wa uuguzi kutoka upande wa Upanga, wahudumu wa hoteli, kwaya za makanisani, na vijana wa bodaboda na vizibao vyao vinavyong'aa. Fundi wa sare anaona mambo. Mwanafunzi wa uuguzi akiingia na gauni lake la maua anacheka na kila mtu. Akijaribu lile jeupe mbele ya kioo, mgongo unanyooka, sauti inashuka, na mimi mwenyewe najikuta nampisha kana kwamba nimelazwa. Mama wa mtoto wa shule ya kulipia anataka nembo ikae juu ionekane tangu stendi. Mama wa mtoto wa shule ya serikali anataka pindo refu la ndani, sketi ikue pamoja na mtoto miaka mitatu. Wote wawili wananisisitizia kwa jicho lile lile la kutaka mtoto wao asichekwe.

Na sare inakula uso wa mtu, mama. Mlinzi wa jengo letu, Mzee Chitanda, tumeamkiana kila asubuhi kwa miaka minne. Siku moja nilikutana naye mtaa wa Gerezani anatafuta spea ya baiskeli, amevaa msuli na fulana, akaniita jina. Nikamkazia macho kama nimeona mwizi. Kumbe miaka minne yote nilikuwa naamkia shati. Nilimwomba radhi, akaniambia amezoea, hata wajukuu wake wakija kumtembelea kazini wanapita bila kumwona.

Sare ambazo nilikuwa nazipenda kuliko zote ni za shughuli. Unajua huku hakuna harusi wala hitima isiyokuwa na sare. Ukoo unachagua kitenge kimoja, kila mwanamke anashona mshono wake, na siku ya shughuli ukitazama safu unajua huyu ni wa ndani na huyu ni wa kualikwa. Mwenye kitenge hicho anaingia jikoni, anapokea wageni, anashika sinia. Asiye nacho anakaa kwenye kiti kusubiri kuhudumiwa. Hakuna anayeuliza jina, kitambaa kinatosha.

Mwaka jana wakati wa vuli alikuja Bi. Tatu, mama mmoja wa hapa hapa Kariakoo, mnene, mpole, anayenukia udi. Alikuwa anamwoza mwanawe wa kiume. Akaleta wanawake wa ukoo wake tukawapima mmoja mmoja, nikaandika kwenye daftari. Walikuwa kumi na watatu. Vitambaa vilikuwa vya watu kumi na wanne.

"Huyu wa kumi na nne yuko wapi?" nikauliza.

"Huyo ni Saada, binti yangu mkubwa. Yuko mbali."

"Basi nipe gauni lake la zamani nipimie."

"La zamani halimfai tena," akasema. Akanitazama kuanzia mabegani mpaka miguuni, kama mnavyotazama mbuzi wa kununua. "Jipime wewe mwanangu. Mnalingana."

Sasa hapo ndipo kosa langu la kwanza. Fundi Chande, mzee wa kule kwetu kusini aliyenifundisha kazi hapa hapa, ana mwiko mmoja tu. Ushonee mtu bila kumwona, sawa. Upimie nguo yake ya zamani, sawa. Lakini fundi hajipimi mwili wake akaandika jina la mtu mwingine. Aliponiona nimejizungushia futi ya kupimia alikohoa. Mimi nikamcheka, nikamwambia hizo ni habari za wazee wa cherehani za mkono. Nikaandika: Saada, kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, bega la kushoto lishushwe kidogo. Maana bega langu la kushoto limeshuka kwa kuinamia cherehani, na gauni nililishona hivyo hivyo likae vizuri. Nilipolijaribu mwilini kuona pindo, mafundi wenzangu walisema limenipendeza kuliko nguo zangu zote.

Miezi mitatu baadaye Bi. Tatu akarudi. Safari hii ilikuwa maulidi, na kitambaa kingine. "Wote vipimo vile vile," akasema. "Ila wa Saada kiuno punguza inchi mbili. Amekonda."

"Kumbe amepiga simu?"

"Hajapiga."

"Sasa umejuaje, Bi. Tatu?"

"Mtoto wangu nisijue?" Akaniaga, akashuka ngazi kwa kushikilia ukuta.

Mama, aliposhuka nilichukua futi nikajipima. Ishirini na nane kamili. Nilikuwa nimetoka kuumwa homa, sikuwa nimemwambia mtu, na nguo zangu huwa pana. Nilijiambia macho ya mama mtu mzima yanaona, amenitazama akajua. Nikashona, nikajilazimisha kufikiria mambo mengine.

Mwezi uliopita akaja mara ya tatu, na kitambaa cha zambarau kwa harusi ya mjukuu wake. Mkononi alikuwa na lile gauni la kwanza la Saada, lile la vuli. "Ulichukue uone mkono wa kushoto," akaniambia. "Unambana hapa juu ya kiwiko, palipoungua. Hili jipya umwachie nafasi."

Siku mbili kabla, pasi ilikuwa imenichoma juu ya kiwiko cha kushoto. Nilikuwa nimefunga kitambaa, na juu yake nimevaa blauzi ya mikono mirefu. Nilipokea gauni, na alipoondoka nikaligeuza nje ndani kwenye mwanga wa dirisha. Kwapani kulikuwa na alama nyeupe ya chumvi ya jasho. Pindo lilikuwa na vumbi, lile vumbi la mtu aliyetembea, si la nguo iliyolazwa sandukuni. Na kwenye bega la kushoto, pale nilipolishusha, nyuzi zilikuwa zimelegea kwa kuvaliwa. Mwenye bega lililonyooka asingelivaa namna ile.

Nilimngoja Mwanahawa. Huyu ni binti mdogo wa Bi. Tatu, msichana wa mjini hasa, ndiye aliyekuja kuchukua nguo zikiwa tayari. Nikamvuta pembeni.

"Dada fundi, mambo?"

"Poa. Mwanahawa, niambie ukweli. Saada yuko wapi?"

Akaacha kutafuna bazoka yake. "Kwani mama hajakwambia? Dada Saada alienda Uarabuni kufanya kazi za ndani, mwaka wa tisa huu. Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu. Wa pili kimya. Tumeuliza kila sehemu, yaani kila sehemu. Hakuna anayejua."

"Na nguo?"

"Mama hataki shughuli ipite bila sare yake. Tunaitandika kwenye kiti, kwenye safu yetu. Anapakuliwa na sahani. Tushazoea."

"Anayezivaa ni nani?"

"Hamna anayevaa, dada. Mama mwenyewe haingii hata mkono mmoja."

Nikamwonyesha kwapa la gauni. Akaangalia, akaangalia pembeni. "Zinakuwaga hivyo," akasema. "Ukizitoa sandukuni zinakuwaga hivyo. Na sisi tuliogopaga mwanzoni." Akachukua nguo kumi na tatu akaondoka. Ya kumi na nne nilikuwa bado sijaimaliza. Kila nikiishika naiweka chini, nikashona ya kwaya, nikashona ya walinzi, mpaka Jumamosi ya harusi ikafika na mkono wa kushoto haujapachikwa.

Nikapachika asubuhi hiyo. Mchana nikaikunja ndani ya mfuko wa nailoni nikatoka kuipeleka ukumbini, upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Masika huku, mama, yakishika barabara zinakuwa mito. Nimekaribia ukumbi, bajaji ikapita kwa fujo, ikanimwagia dimbwi zima, tope kuanzia nywele mpaka viatu. Nikafika mlangoni naona haya hata kugonga. Mwanahawa akanifungulia, amevaa zambarau yake, akashika kichwa.

"Jamani dada fundi! Ingia huku bafuni uoge. Na nguo? Utavaa nini?" Akaangalia mfuko wangu. Mfuko ulikuwa haujaingia hata tone.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kujitanda khanga ya kuazima nikarudi zangu. Hapa ndipo kosa langu la pili, na hili siwezi kulisingizia ujana. Niliivaa kwa sababu nilitamani kuivaa. Nimeshona sare za watu miaka saba, mama, na katika miaka saba hiyo sikuwahi kukaa kwenye safu ya mtu yeyote.

Nilipotoka bafuni nilitegemea watu washtuke. Hakuna aliyeshtuka. Wanawake wa Bi. Tatu walikuwa wanapanga masinia, mmoja akanipa ubavu nipite, mwingine akasema bila hata kugeuka, "Saada, shika upande huo." Nikashika. Mtoto wa miaka mitatu akaja akaning'ang'ania mguu, "Ma' mkubwa, maji," nikampa maji. Mama mmoja mtu mzima, shangazi yao, akaniuliza safari ilikuwaje. Nikamjibu, mama. Nilimjibu, "Salama, shangazi, tumefika salama." Maneno yalitoka yenyewe, na sauti haikuwa ya kusema uongo.

Tulipokwenda kukaa, viti vilikuwa kumi na vinne. Kile changu kilikuwa na mto. Nikakaa. Joto la ukumbi likanitoa jasho kwapani, nikalisikia linashuka taratibu, na ndipo nywele ziliponisimama. Lakini nikuambie lililo baya zaidi ya kuogopa. Nilikuwa na furaha. Nilikula pilau kwenye sinia moja na wanawake sita, vidole vyetu vinagongana, wanasengenya upande wa bwana harusi, na mimi nacheka kabla hawajamaliza maana nilikuwa najua watasema nini. Nilisahau kwamba nina jina lingine. Si kwamba nilijifanya, mama. Nilisahau.

Jua lilipoanza kushuka wakapiga picha. Bi. Tatu akapita kwenye safu anarekebisha shingo za nguo, mmoja mmoja, mpaka akanifikia. Akanilainisha bega la kushoto kwa kiganja.

"Imekukaa," akasema.

Nikaanza kulia, nikamwambia, "Bi. Tatu nisamehe, mimi ni fundi tu."

"Najua wewe ni fundi. Mimi siyo kichaa, mwanangu." Alisema kwa upole kabisa, watu wanatabasamia kamera. "Miaka tisa safu yangu ina pengo, leo imetimia. Nani akiona atasema haikutimia? Hata mimi nikijitazama kesho kwenye picha, nitaona wanangu wote." Kisha akaniuliza, na swali hili, mama, ndilo lililonifanya nikuandikie. "Na kwenu wewe, wakishona sare, yako anavaa nani?"

Nikamjibu kwetu hawanishonei, wanajua niko mbali. Akanitazama kwa huruma, akasogea kwa wa pili.

Nilitoka pale na nguo ile ile mwilini, zangu zilikuwa bado zinachuruzika. Nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, kweupe, watu wengi. Nilipofika kwenye jengo letu kuchukua funguo zangu za chumba, Mzee Chitanda akasimama mlangoni akanizuia kwa adabu. "Karibu mgeni. Unamtafuta nani?" Nikadhani ananitania. Nikasema, "Mzee, ni mimi, Somoe." Akatikisa kichwa. "Fundi Somoe ametoka tangu mchana. Kapeleka nguo harusini." Ilibidi nivue kitambaa cha kichwani, nimwonyeshe kovu la pasi, nimtajie siku ile ya Gerezani. Hata aliponiruhusu nilimwona anapanda ngazi moja moja nyuma yangu, anahakikisha.

Niliivua, nikaitundika. Sikulala vizuri, na kesho yake ikawa Jumapili, ukanipigia simu kunipa habari njema ya kitenge cha kijani. Sasa unajua kwa nini nilikaa chini kwenye ngazi.

Jana nilimweleza Fundi Chande yote. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Alichukua daftari langu, akatafuta jina la Saada, akakata mstari juu ya vipimo vyangu, kisha akaniuliza tangu nitoke nyumbani ni miaka mingapi. Nikamwambia saba. Akasema, "Bora uende ukapimwe kwenu wakati bado wanakukumbuka kimo." Halafu akaenda mwenyewe kwa Bwana Awadhi kuniombea ruhusa, na nimepewa.

Mama, sijawahi kukuambia hili kwa mdomo wangu. Baba alipofariki ulikuwa mwezi wa Januari. Mezani kwangu kulikuwa na sketi mia mbili za shule, na niliogopa nikiondoka nitakuta mtu mwingine kwenye cherehani yangu. Nikakuambia nimekosa basi. Sikukosa basi. Nilishona siku nzima huku mnamzika. Hitima ya mwaka nayo sikuja, kwa sababu ya aibu ya ile ya kwanza, na baada ya hapo kila mwaka aibu ikawa inazaa nyingine. Wewe hukunigombeza hata siku moja. Ulisema tu, "Usijali, tulikuwa wote." Miaka yote hiyo nimelichukulia neno hilo kuwa la kunifariji.

Jana hiyo hiyo, baada ya kazi, nilifungua picha ya hitima ambayo Rehema alinitumia. Ninayo kwenye simu miaka minne, huwa naitazama uso wako tu. Safari hii nilitazama nguo. Wewe umekaa katikati na ile sare ya bluu, ambayo tulivyoambiana ilishonwa ya mama na binti zake tu. Binti zako tuko wawili. Rehema amekaa kulia kwako. Na kushoto kwako, mama, amekaa mwanamke mwenye sare ya bluu, kainamisha kichwa, khanga imemfunika uso, na wewe umemshika mkono.

Mwanzo nikadhani ni shangazi, lakini shangazi amesimama nyuma yenu na nguo nyeusi. Nikasema basi ni Zainabu. Zainabu mwaka ule alikuwa darasa la saba, mtoto mdogo. Nikaikuza picha mpaka ikaanza kuvunjika. Uso hauonekani. Mabega yanaonekana, na mabega ndiyo kazi yangu. La kushoto limeshuka.

Sikuulizi kwa hasira. Mimi nimeshakaa kwenye kiti cha mtu, nimeshikwa bega na mama wa mtu, na najua hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Ila nakuja. Nafika Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya jua kuzama, na nguo zangu za kawaida. Nisimamisheni uani mbele ya watu wote, Fundi Athumani anizungushie futi yeye mwenyewe, na jina liandikwe langu.

Nisalimie Shangazi Fatu, dada wa baba, mpishi wetu wa shughuli zote. Mwambie safari hii nitashika sufuria upande wa moto. Nisalimie Mjomba Bakari anayetunza mikorosho, na shemeji yangu mtarajiwa, mwambie ajiandae kuchunguzwa. Msalimie Zainabu, asidhani nimemchukia, nitamshonea gauni lake kwa mkono wangu. Rehema, asante kwa kusoma. Kama koo limekukauka kunywa maji, kisha umalizie hii mistari ya mwisho, usiifiche.

Na yule aliyekaa kushoto kwako siku ya hitima, mama, kama bado anakuja, msalimie sana. Mwambie Somoe anamshukuru kwa kukushika mkono siku ambayo yeye hakuwepo. Mwambie pia, taratibu, kwa adabu, kwamba mwenye kiti yuko njiani.

Ni mimi mwanao, wa kwanza kumzaa,
Somoe